Kabla ya Kususia Timu, Iandikwe kwa Jina la Mtaa

Tangu Mei 2005, familia ya Glazer ya Marekani ilipoinunua Manchester United, mashabiki wa klabu hiyo wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja, na ubishi huo umesafiri kutoka Old Trafford hadi kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira vya Hai Malakal hapa Juba. Timu uipendayo ikiangukia mikononi mwa mmiliki usiyemtaka, uendelee kuishangilia na kumnenepesha, au uisusie mpaka aondoke? Wa upande mmoja wanasema shabiki wa kweli haiachi timu yake kwa sababu ya mwenye mali, kwani wamiliki hupita na timu hubaki. Wa upande wa pili wanajibu kwamba mapenzi ya namna hiyo ndiyo mtaji wa mmiliki mbaya: anajua kwamba hata afanye nini, Jumamosi watu watajaa. Kila upande una hoja, lakini nionavyo mimi wote wanabishana juu ya hatua ya mwisho wakiwa wameiruka ya kwanza. Kususia huwa na nguvu pale tu ambapo anayesusia ana haki iliyoandikwa ndani ya klabu. Asiye nayo anaweza kuonyesha hasira, tena hasira ya haki, ila hana njia ya kuigeuza kuwa uamuzi. Ndiyo maana, kabla ya kuulizana kama tumsusie Glazer, sisi wa Juba tunapaswa kuulizana klabu za mitaa yetu zitakuwa zimeandikwa kwa jina la nani siku tajiri atakapobisha hodi.

Tuanze na Manchester, kwa kuwa ndiko kulikojaribiwa kila aina ya mgomo. Malcolm Glazer aliinunua klabu kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo iliyobebeshwa klabu yenyewe. Timu ikaanza kulipa riba ya kununuliwa kwake. Baadhi ya mashabiki waliondoka mwaka huohuo wakaunda klabu yao, FC United of Manchester. Mwaka 2010 wengi wa waliobaki walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la kwanza la klabu, na majukwaa yakabadilika sura. Lakini kila aliyeivaa skafu hiyo uwanjani alikuwa amelipa kiingilio. Tarehe 2 Mei 2021, wiki mbili baada ya klabu kutangazwa kuwamo katika mpango wa Super League, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, mashabiki walivamia Old Trafford na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Machi 2025 maelfu waliandamana wakiwa wamevaa nguo nyeusi kabla ya mechi na Arsenal. Hiyo ni miaka 20 ya upinzani, na familia ile bado ilikuwa imeshika usukani. Ilichokubali ni kumuuzia tajiri wa Kiingereza, Jim Ratcliffe, asilimia 27.7 ya hisa mwezi Februari 2024, na katikati ya msimu uliofuata tiketi za wanachama zilizosalia zikapandishwa hadi pauni 66. Sisemi watu wale walikosa ujasiri. Walikosa pa kushika. Old Trafford inaingiza watu zaidi ya 74,000, na kiti kinachoachwa na aliyekasirika kinanunuliwa na mgeni aliyekuja mjini kwa siku mbili, ambaye tena atapitia dukani kununua jezi. Wahenga walikwisha kulisema: ukisusa, wenzio wala.

Je, shabiki wa Hai Malakal yuko wapi katika hesabu hiyo? Wapo wanaomwambia kwamba yeye hahesabiki kabisa, na hilo si kweli. Kuanzia mwaka 2022, fedha ambazo ligi ya England inapata kwa kuuza haki za matangazo nje ya Uingereza zilipita zile za ndani ya nchi. Klabu zinatajirishwa na watu ambao hawatakanyaga viwanja vyake, na Afrika ina sehemu yake katika utajiri huo. Ila ukifuata safari ya fedha ya mtu mmojammoja unaona jambo jingine. Kibanda kimoja, kile ambacho Dar es Salaam wanakiita kibanda umiza, kina kisimbuzi kimoja na malipo ya mwezi mamoja, na ndani wamekaa watu makumi. Anacholipa mtazamaji mlangoni kinaenda kwenye mafuta ya jenereta, kodi ya kibanda na mkate wa mwenye kibanda. Kinachofika Manchester hakionekani kwa macho. Jezi inayouzwa soko la Konyo Konyo kwa bei ya kibarua nayo haikutoka kwenye mkataba wowote wa klabu. Kwa hiyo kijana wa Juba akiamua msimu huu haendi kuitazama United, atakayeumia wa kwanza ni jirani yake mwenye kibanda, wa pili ni mama anayeuza chai pale nje, na akina Glazer hawatapata habari. Dhamiri yake ni yake na simkatazi kuifuata. Ninachosema ni kwamba asiuhesabu uamuzi huo kuwa pigo kwa mmiliki.

Wapo pia waliosusa kwa kuondoka moja kwa moja, na habari zao ndizo zinazotajwa kila mara kuthibitisha kwamba mgomo unafanya kazi. Mwaka 2002 tume iliyoundwa na chama cha soka cha England iliruhusu timu ya Wimbledon ihamishwe kutoka London Kusini kwenda mji wa Milton Keynes. Mashabiki waliikataa, wakaanzisha AFC Wimbledon katika madaraja ya chini kabisa. Majukwaa ya klabu ya zamani yakabaki wazi, na mwaka 2003 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Huo ulikuwa mgomo uliouma kwelikweli. Hata hivyo timu ilihama, na ikabadilishwa jina. Walioondoka walipanda daraja baada ya daraja hadi mwaka 2011 walipoingia ligi za kulipwa, na walirudi Plough Lane, mtaa wa asili yao, Novemba 2020. Kilichowavusha katika miaka yote hiyo ni kwamba klabu mpya waliiandikisha kwa jina la umoja wa mashabiki tangu mwanzo, kura kwa kila mwanachama.

Afrika Mashariki nasi tunalo somo letu, nalo ni la zamani kuliko hayo. Mwaka 1976, baada ya mgogoro ulioipasua klabu ya Yanga ya Dar es Salaam, wachezaji na wanachama waliojitenga waliunda Pan African. Haikuwa timu ya kubeza: mwaka 1982 ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Lakini taratibu ikafifia, na leo kijana wa Dar aliyezaliwa miaka ya 2000 huenda asijue kwamba klabu hiyo iliwahi kuwatetemesha wakubwa. Yanga ilibaki na jengo lake la Jangwani, rangi zake za kijani na njano, jina lake, na umati. Anayejitenga humwachia anayempinga mali zote ambazo haziwezi kubebwa begani, na katika mpira mali hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko wachezaji.

Yanga hiyohiyo inatufundisha jambo ambalo mabishano ya Manchester hayalifikii. Mwaka 2016 mwenyekiti wake, Yusuf Manji, aliomba akodishiwe klabu kwa miaka 10. Mkutano wa wanachama haukumzomea, ulimkubalia. Alikuwa ametoa fedha nyingi, timu ilikuwa inachukua makombe, na watu walimpenda. Mpango huo ulikwama kwenye mamlaka za michezo, na Mei 2017 Manji akajiuzulu. Kilichofuata ni miaka ya dhiki, wachezaji wakidai mishahara, hadi timu kubwa kama ile ikalazimika kutembeza bakuli kwa mashabiki wake. Tuseme mkataba ule ungepita. Mwaka 2017, aliyeikodi alipochoka, klabu ingekuwa mali ya nani? Nani angekuwa na haki ya kuitisha mkutano wa kuiokoa? Tunapozungumza juu ya mmiliki asiyependwa tunasahau kwamba mara nyingi aliingia akiwa anapendwa, akapokewa kwa ngoma, na wanaomzomea leo ndio waliombeba mabegani jana. Ulinzi wa wanachama unatakiwa kuandikwa wakati wa ngoma, maana baada ya hapo hakuna atakayekubali kuuandika.

Simba, majirani zao wa Msimbazi, walipita njia hiyo wakiwa na ulinzi. Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza katika klabu kwa shilingi bilioni 20. Serikali ya Tanzania ikashikilia kwamba katika klabu zilizoanzishwa na wanachama, wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasivuke 49. Wapo waliosema kanuni hiyo ingemkimbiza tajiri. Haikumkimbiza. Simba ilitwaa ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na mwaka 2019 ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Sisemi mambo yalinyooka. Wanachama waliendelea kwa miaka kuuliza maswali juu ya malipo ya zile bilioni, na mivutano kati ya upande wa mwekezaji na upande wa wanachama haikuisha. Lakini tazama tofauti. Mwanachama wa Simba anayeuliza fedha ziko wapi anauliza kama mwenye nyumba anayemuuliza mpangaji mkubwa. Shabiki wa Manchester anayeuliza swali hilohilo anauliza akiwa barabarani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka Ujerumani. Huko kanuni inayoitwa 50+1 inataka wanachama wa klabu wawe na kura nyingi kuliko mwekezaji yeyote, isipokuwa klabu chache zilizopewa ruhusa maalumu. Desemba 2023 klabu 24 kati ya 36 za ligi mbili za juu zilipiga kura kuruhusu mwekezaji wa nje anunue sehemu ya mapato ya matangazo kwa takriban euro bilioni moja. Mashabiki hawakususa mechi. Waliingia viwanjani na mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti, wakazirusha uwanjani, mechi zikasimama wiki baada ya wiki, huku wanachama wakiwabana viongozi wao waeleze walivyopiga kura na kwa idhini ya nani. Tarehe 21 Februari 2024 ligi ikaufuta mpango. Chini ya miezi mitatu! Kulinganisha Ujerumani na Manchester hakuhitaji mtaalamu: hasira ni ileile, ila Ujerumani kiongozi wa klabu anajua kwamba waliomkasirikia ndio watakaompigia kura.

Najua yatakayosemwa. Kwanza nitaambiwa kwamba Super League ya mwaka 2021 iliuawa na mashabiki wa England wasio na hisa yoyote, ndani ya saa 48. Ni kweli walisimama kishujaa nje ya viwanja. Lakini hawakuwa peke yao: ligi, mashirikisho ya soka na serikali ya Uingereza vyote vilikuwa upande wao, kila kimoja kwa maslahi yake. Na mpango ulipokufa, wamiliki walewale waliamka kesho yake wakiwa wamiliki. Nitaambiwa pia juu ya Arsenal, ambayo tangu 2018 ilivaa begani tangazo la utalii la Rwanda. Mashabiki walilipinga, na mwanzoni mwa 2025, wakati mji wa Goma nchini Kongo unashambuliwa na waasi ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain akizitaka ziachane na mikataba yake na Rwanda. Novemba 2025 Arsenal ikatangaza kwamba mkataba wake ungeishia Juni 2026. Naheshimu sana waliopaza sauti, hasa Wakongo ambao kwao suala hilo lilikuwa la damu. Lakini mdhamini si mmiliki. Mkataba wa mdhamini una tarehe ya kwisha, na klabu inaweza kumpata mwingine. Mmiliki hana tarehe ya kwisha, na ni yeye anayechagua mdhamini.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini. Klabu za Juba hazina fedha. Mwenye kuleta mipira, usafiri na posho za wachezaji anapokewa kama mwokozi, na kumwambia kwamba hatapata kura nyingi ni kama kumfukuza mlangoni. Naielewa hoja hii na siibezi. Nchi yetu ilipata uhuru Julai 2011, ikaingia FIFA Mei 2012, na kwa miaka timu ya taifa ililazimika kucheza mechi zake za nyumbani ugenini kwa sababu uwanja wa Juba haukukidhi masharti, hadi ulipofunguliwa upya Juni 2024. Lakini tunao mfano wetu wenyewe unaoipinga. Luol Deng alipochukua urais wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Sudan Kusini mwaka 2019, alitoa fedha za mfukoni mwake kugharimia timu. Timu ile ikafuzu Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024, ikaibana Marekani hadi ikafungwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, katika mechi ya kirafiki jijini London, kisha ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye michezo yenyewe. Mfadhili yule hakudai kumiliki timu. Alishika cheo chenye katiba, ambacho siku moja atamwachia mwingine, na jezi itabaki ya taifa. Anayesema kwamba hakuna tajiri atakayetoa bila kumiliki awaulize wachezaji wale.

Hoja ya mwisho inanisumbua kuliko zote, nayo ni kwamba wanachama nao hununulika. Mgombea anaweza kununua kadi 500 usiku wa kuamkia uchaguzi na kuzigawa kwa watu wake; katika mji wetu anaweza kuzigawa kwa ukoo wake na kuigeuza klabu kuwa ya kabila. Hatari hii ipo, na kuifumbia macho ni kujidanganya. Dawa yake inajulikana: daftari la wanachama liwe wazi kwa kila mwanachama kulisoma, kadi mpya zisipige kura kabla ya kupita muda uliowekwa, ada iwe ndogo kiasi ambacho mwenye toroli sokoni anaweza kuilipa mwenyewe, na uanachama uwe wa kujiandikisha, usiangalie mtu ametoka Malakal, Yei au Torit. Hata kwa upungufu wake wote, mkutano wa wanachama una jambo ambalo mmiliki mmoja hana: unaweza kushindwa mwaka huu na kushinda mwaka ujao. Sports Club Villa ya Kampala ilipita katika migogoro mibaya ya uongozi, wanachama wakapiga kura kumchagua rais mwaka 2020, na mwaka 2024 ikawa bingwa wa Uganda kwa mara ya kwanza tangu 2004.

Basi tazama klabu zetu. Malakia, Atlabara, Kator, Munuki: majina yake ni majina ya mitaa ya Juba. Atlabara ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 2013. Watu wanasema "timu yetu" kwa sababu wanakaa pale, au walikaa, au baba zao walikaa. Lakini jina la mtaa kwenye jezi halimpi mkazi haki yoyote mbele ya sheria. Haki inakaa kwenye katiba ya klabu, kwenye orodha ya bodi yake ya wadhamini na kwenye hati ya usajili, karatasi ambazo wengi wanaosema "timu yetu" hawajawahi kuziona. Masharti ya leseni ya klabu ya CAF yanadai nyaraka za kisheria na hesabu za fedha kwa klabu zinazotaka kucheza mashindano ya Afrika, kwa hiyo karatasi hizo zitaandikwa tu. Ziandikwe sasa, na ndani yake kiwekwe kifungu kwamba kura nyingi ni za wanachama, na kwamba jina, rangi na uwanja wa mazoezi haviuzwi wala kukodishwa bila theluthi mbili ya mkutano mkuu. Klabu yenye kifungu hicho ikipata mmiliki mbaya wa sehemu, mgomo wa mashabiki wake utakuwa na dai, utakuwa na tarehe, na utakuwa na chumba cha mkutano ambamo dai hilo litapigiwa kura.

Kwa viongozi wa klabu za Juba ombi langu ni moja: itisheni mkutano kabla ya msimu kuanza, msome katiba kwa sauti, kwa Kiarabu cha Juba ili kila mtu aelewe, na mfungue daftari la wanachama siku hiyohiyo. Na kwa shabiki wa Hai Malakal anayejiuliza kama aisusie Manchester United: endelea kuitazama ukipenda, au acha ukipenda, lakini wiki hii nenda kwa katibu wa klabu ya mtaa wako umwombe akuonyeshe katiba. Akisema haipo, au akisema haikuhusu, hapo utakuwa umepata jambo la kudai, na mtu wa kulidai kwake.